Kisamvu hutwangwa, muhogo mchungu huloweshwa: sababu iko ndani ya seli

Msikilizaji, ukichuma mchicha au majani ya maboga, unaosha, unakatakata na kubandika jikoni. Kisamvu hakiendi hivyo. Kinaingia kwanza kwenye kinu, kinatwangwa mpaka kilainike, ndipo kinapikwa. Muhogo mchungu nao hauchemshwi ukaliwa na chai kama muhogo mtamu. Unamenywa, unaloweshwa siku kadhaa au unavundikwa, unaanikwa, kisha unasagwa unga. Wazee walijua kwamba anayeruka hatua hizo huumwa. Sababu yenyewe imo ndani ya kitu kidogo ambacho jicho halikioni: seli.

Kila kiumbe hai, awe mtu, mbuzi au mche wa muhogo, amejengwa kwa seli. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyevipa vijumba hivyo jina, mwaka 1665, alipotazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome la mti na kuona vyumba vidogo vilivyopangana. Ni vidogo kweli. Hata ukichukua seli kubwa kubwa za mmea na kuzipanga mstari, kumi zinatosha milimita moja tu.

Pamoja na udogo huo, ndani hakuna nafasi iliyolala bure. Seli ya muhogo ina ukuta mgumu kwa nje, ndiyo maana mmea unasimama bila mifupa. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani ya utando kuna ute uitwao saitoplazimu, na humo ndimo vilimo viungo vya seli, kila kimoja na kazi yake. Kiini hutunza maelekezo ya urithi. Kwa sababu yake ukipanda pingili ya muhogo mchungu utavuna muhogo mchungu, maana kila seli mpya inapewa nakala ya maelekezo yale yale. Seli za majani zina vijumba vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Seli za mizizi zina vijumba vya kuhifadhia wanga, na huo wanga ndio ugali wetu. Halafu kuna kifuko kikubwa kinachoitwa vakuoli, ambacho katika seli iliyokomaa huchukua karibu nafasi yote ya ndani. Kimejaa maji na vitu vilivyoyeyuka.

Kifuko hicho ndicho kinachotuhusu leo, kwa sababu muhogo umeweka humo kitu kiitwacho linamarini. Hutengenezwa zaidi kwenye majani, kisha husafirishwa kwenda mizizini. Linamarini peke yake imetulia tu. Hatari inaanza inapokutana na kimeng'enya kiitwacho linamarasi, na kimeng'enya hicho muhogo umekiweka mbali na kifuko, kule kwenye ukuta wa seli.

Fikiria boksi la kiberiti. Njiti ziko ndani, sehemu ya kukwaruzia iko nje ubavuni. Unaweza kutembea nalo mfukoni siku nzima na moto usiwake. Seli ya muhogo iko hivyo hivyo. Panya au nguruwe pori anapoitafuna, kifuko kinapasuka, linamarini inamwagika na kukifikia kimeng'enya ukutani. Kimeng'enya kinaikata, inabaki sukari upande mmoja na upande wa pili kitu kisichodumu, ambacho nacho kinavunjika na kutoa sianidi. Hiyo ni sumu kali. Mkulima anayepanda muhogo mchungu pembezoni mwa pori, kwa sababu nyani na wezi hawausumbui sana, anaitumia silaha hiyo hiyo, ajue asijue.

Sasa tutoke kwenye seli ya muhogo twende kwenye seli ya mlaji. Ndani ya seli zetu kuna viungo viitwavyo mitokondria. Hivi ni kama majiko: humo chakula tulichokula huunguzwa taratibu kwa hewa ya oksijeni, na seli inapata nguvu ya kufanya kazi. Kazi hiyo inapita hatua kadhaa, na katika hatua ya mwisho kuna kimeng'enya kinachoipokea oksijeni. Sianidi hung'ang'ania hapo hapo. Mapafu yanavuta hewa, damu inaifikisha oksijeni mpaka mlangoni, lakini seli haiwezi kuitumia. Ubongo na moyo ndivyo vinavyotaabika mapema, kwa kuwa havina akiba ya nguvu. Mtu aliyekula muhogo usioandaliwa vizuri anaweza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kutapika ndani ya saa chache. Awahishwe kituo cha afya mara moja, hasa mtoto, na wahudumu waelezwe alichokula.

Mwili hauko bila kinga. Ndani ya mitokondria hizo hizo, hasa za ini, kuna kimeng'enya kingine kinachoichukua sianidi na kuiunganisha na salfa, ikawa kitu chenye sumu ndogo zaidi kinachotoka kwa mkojo. Lakini salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye protini: maharage, kunde, dagaa, mayai, maziwa, nyama. Mwenye mboga nzuri ya kutosha kila siku ana kinga. Anayekula ugali wa muhogo asubuhi na jioni kwa mchuzi mtupu, kinga yake inapungua wiki baada ya wiki, na hapo ndipo ugonjwa wa konzo unapoingia.

Daktari Mtaliano Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huu mwaka 1938, huko Kwango nchini Kongo. Jina lenyewe ni la Kiyaka, na maana yake inahusu miguu iliyofungwa. Mtu alikuwa mzima, halafu ghafla miguu yote miwili inakakamaa na kukosa nguvu. Wengine hutembea kwa kuburuza vidole na magoti yakigongana, wengine hawatembei tena bila magongo. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi wala si uchawi, na mazoezi ya viungo husaidia, lakini dawa ya kuurudisha mguu ulivyokuwa haipo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 waliupata katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Kwetu Tanzania ulitokea Tarime mwaka 1985, nako kulikuwa na ukame.

Ukame unaleta balaa kwa njia mbili. Mmea uliokosa maji huongeza linamarini, hata ule tuliouzoea kuwa mtamu. Na wakati huo huo njaa inamfanya mtu afupishe kazi: muhogo wa kuloweka siku tatu au nne unaloweshwa siku moja, maana watoto wanalia. Ningependa maofisa wanaotoa tahadhari za ukame kwenye redio walisemee na hili, badala ya kuishia kwenye bei ya mahindi.

Ukishajua boksi la kiberiti limejengwaje, kazi za jikoni zinaeleweka zenyewe. Tunataka njiti zote ziwake na moto uzime kabla chakula hakijafika mdomoni. Kinu na mchi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kingine chochote. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi kuliko mizizi, ila yana pia kimeng'enya kingi sana, kwa hiyo yakitwangwa kwelikweli seli zinapasuka na sumu inatolewa haraka. Sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto la mchana wa kawaida, hivyo inapaa na kupotea hewani. Sufuria ya kisamvu iachwe wazi inapochemka.

Kuloweka hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Siku tatu au nne ndani ya maji, vijidudu vya uchachu hulainisha kuta, seli zinaachia, na sehemu kubwa ya sumu inatoka na maji au kupaa. Muhogo ukibonyea kwa kidole, seli zake zimeshapasuka. Kuvundika nako kunalainisha kuta. Majirani zetu wa Afrika Magharibi wanaotengeneza gari huukuna muhogo kwanza, na kukuna ni kupasua seli.

Wengi hudhani moto mkali humaliza kila sumu. Kwa muhogo mchungu si hivyo. Ukiuchemsha vipande vikubwa, joto linakiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, ilhali linamarini yenyewe haiharibiwi na kuchemka. Ni sawa na kulowesha ubavu wa boksi njiti zikiwa bado kavu ndani. Sehemu ya linamarini itatoka na maji, nyingine itabaki, na ikifika tumboni vijidudu vya utumbo vinaweza kuikata na kutoa sianidi.

Kuanika peke yake kuna tatizo lake. Makopa yaliyomenywa na kuanikwa bila kuloweshwa hukauka huku seli nyingi zikiwa hazijapasuka, na bila maji linamarini na kimeng'enya haviwezi kukutana. Ukisaga, unga unakuwa na vyote viwili vikiwa vikavu, vimekaa karibu karibu. Kwa unga wa namna hiyo, mtaalamu Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walibuni njia rahisi, ambayo imetumiwa kuzuia konzo katika vijiji vya Popokabaka, Kongo. Weka unga kwenye beseni na utie alama pale ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye jamvi au turubai safi, unene usizidi sentimita moja. Juani saa 2, kivulini saa 5. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, kwa maana unga mbichi hauwekeki. Maji yanavikutanisha vile viwili, sianidi inapaa, na inayobaki ni kidogo sana.

Maganda yana linamarini nyingi kuliko nyama ya muhogo. Usiyamwage mabichi mahali ambapo mbuzi au nguruwe watayafikia, na maji uliyolowekea muhogo yamwagwe mbali na mahali mifugo inaponywea.