Lugha ya Kumfunzia Mtoto Dini: Mfano wa Wajaini wa Nairobi

Anayesafiri kutoka Uthiru kuelekea mjini kwa Barabara ya Waiyaki hufika Westlands, na jirani yake ni Parklands, mtaa ambao kwa miongo mingi umekuwa makao ya Wakenya wenye asili ya Bara Hindi. Miongoni mwao ni Waoshwal, wafuasi wa dini ya Kijaini, ambao wazee wao walianza kuja Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kutoka vijiji vya eneo la Jamnagar, Gujarat. Makala haya yanaeleza jinsi watoto wa jamii hii wanavyofunzwa dini mbali na chimbuko lake, na nafasi ya lugha katika mafunzo hayo.

Tatizo la kwanza ni walimu. Nchini India, mafunzo ya Kijaini hutegemea sana watawa, wanaume kwa wanawake, wanaozunguka kwa miguu wakihubiri. Kwa mujibu wa nadhiri zao, wengi hawapandi chombo chochote cha usafiri, wasije wakadhuru viumbe njiani. Waumini wa kawaida walipovuka bahari, watawa walibaki. Kazi ya kufunza ikawaangukia wazazi, mabibi na walimu wa kujitolea. Mahekalu yalijengwa, kama lile la Mombasa la mwaka 1963, lakini mtoto husomeshwa katika pathshala, yaani shule ya dini. Mwaka 1980 dhehebu la Terapanth liliunda daraja la watawa wanaoruhusiwa kusafiri ng'ambo; hata hivyo, ziara ya mtawa haichukui nafasi ya mwalimu wa kila juma.

Tatizo la pili ni lugha. Mtoto huanza kwa kuhifadhi Navkar, sala inayotoa heshima kwa makundi matano ya watukufu bila kumtaja yeyote kwa jina. Maneno yake ni ya Kiprakriti, lugha kongwe ya India, na ufafanuzi wake umezoeleka kutolewa kwa Kigujarati. Shuleni mtoto wa Nairobi husoma kwa Kiingereza na Kiswahili. Anaweza, basi, kuikariri sala nzima asijue maana yake.

Hali hii si ngeni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Katika vyuo vya pwani, mtoto alihifadhi Qurani kwa Kiarabu na kufafanuliwa kwa Kiswahili. Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ya mwaka 1969 haikukiondoa Kiarabu katika sala. Kiarabu kilibaki cha ibada, Kiswahili kikabeba maana.

Haja ya maana huonekana hata katika chakula. Wajaini hawali nyama wala mayai, na wengi huepuka viazi na vitunguu, kwa kuwa kuving'oa huangamiza mmea pamoja na vijidudu vya udongoni. Mwanafunzi mwenzake akimuuliza kwa nini hali chipsi, mtoto aliyehifadhi neno ahimsa pekee atajibu kwamba amekatazwa. Anayeweza kusema kwamba ni kutodhuru kiumbe kwa tendo, kwa neno wala kwa wazo, atakuwa ameieleza dini yake na kueleweka.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kiswahili, kwa hivyo, ni lugha yao pia. Kazi ya kuyatafutia mafundisho yao istilahi za Kiswahili zinazoeleweka na mtoto inawasubiri wanaisimu na wafasiri.