Macho Yang'aayo Kandoni mwa Barabara ya Mikumi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na hatimaye Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa masafa ya kilometa 50 hivi. Familia ipitayo hapo jioni, watoto wakiwa viti vya nyuma, huweza kuhesabu twiga, pundamilia na swalapala pasipo kuacha lami. Lakini katika nchi zetu za joto machweo ni mafupi. Muda si muda kinachobaki kuonekana ni macho tu.

Macho hayo hayatoi nuru yake yenyewe. Nyuma ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho upokeao nuru, wanyama wengi waendao usiku wana utando mwingine uitwao tapetamu, ambao huakisi nuru kama kioo. Nuru iliyopita bila kunaswa na retina hurudishwa ipite mara ya pili, na kwa hiyo mnyama huona vema penye mwanga hafifu. Inayosalia hutoka kwa mboni na kurudi karibu na njia ileile iliyojia. Ndiyo sababu aliye garini huyaona macho yakiwaka, ilhali mtu asimamaye mbali na taa haoni kitu.

Simba na fisi wana macho yatazamayo mbele, hivyo huonekana mawili pamoja. Macho ya swala yako ubavuni. Akigeuka kidogo, moja hupotea. Rangi haitegemewi sana, kwani hubadilika kwa kadiri ya pembe ya nuru. Tena nyani, nguruwe na binadamu hawana tapetamu kabisa. Kutoona macho, basi, si ushahidi kwamba njia i wazi.

Hapa ndipo mchezo wa watoto unapokuwa jambo la uhai na mauti. Gari liendalo kilometa 100 kwa saa hukata mita 28 kila sekunde. Tuseme dereva atumia sekunde moja kutambua hatari, na breki zapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde, kila sekunde: gari litasimama baada ya mita 83 hivi. Kwa kilometa 50 kwa saa, mita 28 zatosha. Mwendo umepungua kwa nusu tu, lakini masafa ya breki yamepungua mara nne. (Mwanafunzi na akokotoe mwenyewe kwa kilometa 80.) Taa zilizoinamishwa haziangazi vizuri mita 83, kiwiliwili cha swala huonekana kwa kuchelewa, bali macho yake huonekana mbali zaidi.

Aidha, swala hawatembei peke yao. Mmoja akisha kuvuka, dereva humfuata kwa macho upande wa kulia, na wenzake wangali kushoto, wakijiandaa kumfuata.