Buibui Asiyefuma Utando

Sote tumemzoea buibui wa pembeni, yule afumaye utando wake darini, kisha hukaa kimya akingojea nzi aingie mtegoni. Watoto wa shule wakiulizwa, "Buibui hupataje chakula chake?" hujibu kwa sauti moja, "Kwa utando." Jibu hilo ni la kweli kwa wengi, wala mwalimu hana sababu ya kulikataa. Lakini wako buibui wengine wasiotega kitu. Hao hutembea usiku, huwinda kwa miguu yao kama chui, na kukipambazuka hujificha mahali popote palipo na giza. Mmoja wao amepata sifa mbaya duniani kote, na habari zake twataka kuwapasha wasomaji wetu. Nusu ya yale yasemwayo juu yake ni kweli, na nusu ni hofu tupu; tena ni jambo kubwa kuzitenga nusu hizo mbili, kwa maana katika nchi aliko, uhai wa watoto umo ndani yake.

Kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, tangu Costa Rica hata kaskazini ya Argentina, na zaidi sana Brazil. Jina lake la kitaalamu ni Phoneutria. Alipewa jina hilo mwaka 1833 na mtaalamu Mjerumani, Maximilian Perty, aliyekuwa akiandika habari za wadudu walioletwa Ulaya na wasafiri wawili, Spix na Martius, waliozunguka Brazil tangu 1817 hata 1820. Neno lenyewe ni la Kiyunani, na maana yake ni mwuaji wa kike. Hakika si jina la kumpa mtu usingizi mzuri! Leo wataalamu wamekwisha kutambua aina kama 9 za buibui huyo, nayo ijulikanayo zaidi ni ile ya kusini mashariki ya Brazil, iitwayo Phoneutria nigriventer, yaani mwenye tumbo jeusi.

Wenyeji wa Brazil wana jina lao, armadeira, maana yake ajiwekaye tayari kwa vita, na aliyemwona mara moja hatauliza sababu. Akisumbuliwa hakimbii kama buibui wengine. Husimama juu ya miguu yake ya nyuma, huinua juu miguu minne ya mbele, na kuanza kuyumba huku na huku, akimfuata adui kila ageukapo. Kiwiliwili cha aliye mkubwa chafikilia sentimita 4 hivi, lakini miguu yake ikinyoshwa yote yaweza kufikilia sentimita 15, upana wa sahani ndogo. Macho yake ni 8, yamepangwa kwa safu tatu: mawili, manne, kisha mawili. Chakula chake ni mende, panzi, buibui wenziwe, na pengine chura mdogo au mjusi.

Mchana hulala chini ya magogo na majani makavu, na katikati ya makuti ya migomba. Kama angekaa huko msituni siku zote, watu wachache wangalimjua. Lakini miji ya Brazil imekua, nyumba zimeingia mahali palipokuwa mwitu, na buibui huyu hakuhama. Kiatu kilichoachwa mlangoni, nguo iliyoanguka sakafuni, rundo la matofali nyuma ya jiko, kwake ni pango tu. Katika miezi ya Machi, Aprili na Mei madume hutoka kwa wingi kuwatafuta majike, na ndiyo miezi ambayo watu wengi huumwa. Mtu hatumbukizi mkono wake kusudi mahali alipo buibui. Hutumbukiza mguu wake kiatuni asubuhi, akiwaza safari ya kazini. Kwa hiyo wengi huumwa mikononi na miguuni.

Sasa tuitazame sumu yenyewe. Kila mshipa wa fahamu katika mwili wa mtu una vitundu vidogo mno katika ngozi yake, mfano wa milango, vipitishavyo chembe za namna ya chumvi. Mlango ukifunguka, habari hupita katika mshipa. Kisha mlango hufungwa mara moja, na mshipa hupumzika. Sumu ya buibui huyu huja kama mtu mwovu awekaye jiwe mlangoni. Mlango haufungiki upesi, na mshipa hupiga kelele tena na tena pasipo sababu. Ndiyo maana jambo la kwanza ni maumivu makali, ambayo mara nyingine hupanda toka kidoleni hata begani. Mahali palipoumwa huvimba kidogo na kutoka jasho. Sumu ikiwa nyingi, moyo huenda mbio, damu husukumwa kwa nguvu kuliko desturi, mtu hutapika na kutokwa na jasho mwili mzima. Kwa wavulana huonekana tena dalili moja ya ajabu, nayo ni kusimama kwa uume kwa muda mrefu na kwa maumivu, nao waganga wa Brazil wakiiona kwa mtoto aliyeumwa hujua ya kuwa sumu imemwenea. Mwisho wake mbaya ni mapafu kujaa maji.

Msomaji aweza kufikiri ya kuwa basi kila aumwaye hufa. Sivyo hata kidogo. Katika mji wa Campinas, katika jimbo la São Paulo, waganga waliandika habari za watu 422 waliofika hospitalini tangu 1984 hata 1996, ambao buibui wao alitambuliwa kwa hakika. Watu 9 katika kila 10 walipata madhara madogo tu: maumivu, na uvimbe kidogo. Walioonekana kuwa katika hatari kubwa walikuwa 2 peke yao, na wote wawili walikuwa watoto. Mmoja alifariki dunia.

Tafadhali soma tena hesabu hiyo. Mtu mzima aumwapo na buibui huyu hupata usiku wa mateso, lakini karibu sikuzote kutakapokucha atakuwa mzima. Hatari yenyewe imewekwa juu ya mtoto mdogo, kwa kuwa sumu ni ile ile, bali mwili wa kuipokea ni mdogo. Maneno makubwa ya vitabu vya maajabu, yamwitayo buibui mwenye sumu kupita wote duniani, humtia hofu baba mwenye nguvu, wala hayamwambii ya kuwa amtazame kwanza mtoto.

Dawa ya watu wengi ni nyepesi. Mganga hupiga sindano ya ganzi karibu na mahali palipoumwa, pengine huongeza kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto ya kiasi, kisha mgonjwa hutazamwa kwa saa kadhaa. Kukata mahali hapo kwa wembe, kufunga mguu kwa kamba, kunyonya damu kwa kinywa, hayo yote hayaondoi sumu, tena huongeza jeraha. Lakini mtoto aliyetapika na kutokwa na jasho jingi huhitaji dawa nyingine, nayo ina historia yake.

Mwaka 1901 ilianzishwa rasmi mjini São Paulo nyumba ya utaalamu iitwayo Butantan, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mganga aitwaye Vital Brazil, aliyezaliwa 1865 katika jimbo la Minas Gerais. Siku zile Mfaransa Albert Calmette alikuwa amekwisha kutengeneza dawa ya sumu ya swila kwa damu ya farasi, naye alitumaini ya kuwa itafaa kwa nyoka wote. Vital Brazil aliijaribu kwa sumu ya nyoka wa nchi yake akaona haifai kitu. Ndipo alipothibitisha neno ambalo leo twaliona jepesi, ya kuwa kila sumu ina dawa yake, na dawa ya swila haimponyi aliyeumwa na nyoka wa ukoo mwingine. Kutokana na hilo alijua ya kuwa buibui naye atahitaji dawa yake mwenyewe. Mwaka 1925 yeye na Mfaransa Jean Vellard walitoa kazi yao juu ya sumu za buibui, na dawa ya kwanza ya sumu hiyo ikapatikana Butantan.

Namna yake haikubadilika sana tangu hapo. Buibui hukamuliwa sumu, tone dogo dogo. Farasi huchomwa sindano ya sumu hiyo kwa kipimo kisichoweza kumdhuru, kikiongezwa pole pole. Mwili wa farasi hujifunza kupigana nayo, na ule uwezo hukaa katika maji ya damu yake. Maji hayo husafishwa na kutiwa chupani. Dawa ya Butantan ya siku hizi hutumika kwa sumu za aina tatu: armadeira, buibui wa kahawia aitwaye Loxosceles, na nge wa Brazil. Pale Campinas waliohitaji kupewa dawa ya damu ya farasi hawakuzidi 3 katika kila watu mia. Kwa hao wachache hakuna dawa nyingine ya kuchukua mahali pake.

Tena sumu hiyo hiyo imekuwa kitu cha kuchunguzwa kwa faida ya watu. Katika chuo kikuu cha Belo Horizonte, mji mkuu wa Minas Gerais, wataalamu waliitazama ile dalili ya ajabu tuliyoitaja, wakachagua sehemu ndogo ya sumu, wakatengeneza kwa mikono yao kipande kifupi kinachofanana nayo, wakikijaribu kwa panya, kwa kutumaini kupata dawa ya udhaifu wa wanaume. Sehemu nyingine ya sumu imeonekana kupunguza maumivu katika panya. Kitu kiletacho maumivu makali kina ndani yake kitulizacho maumivu! Lakini haya yangali majaribio, na mtu asije akamshika buibui kwa tumaini la kujitibu.

Imebaki habari ya ndizi. Husimuliwa sana katika Ulaya na Marekani ya kuwa buibui huyu husafiri ndani ya mikungu ya ndizi, hata mtu akafungua sanduku dukani akamkuta. Jambo hilo limetokea, lakini si kwa wingi usemwao. Rick Vetter, mtaalamu wa buibui wa California, pamoja na wenziwe, walitoa mwaka 2014 hesabu ya buibui 135 waliopatikana katika ndizi na mizigo mingine iliyotoka nchi za nje. Armadeira walikuwa wachache mno. Waliotokea zaidi walikuwa wengine wawili wasio na hatari. Mmoja ni Cupiennius chiapanensis, ambaye aina yake ilipewa jina mwaka 2006 tu. Ana nywele nyekundu mbele, na kwa hizo watu wamemdhania mara nyingi kuwa ndiye mwuaji. Kwa kosa hilo maduka yamefungwa na mizigo ikateketezwa.

Wa pili twamjua sisi. Ni Heteropoda venatoria, yule buibui mkubwa, bapa, wa rangi ya kahawia, akaaye ukutani usiku miguu yake imetandazwa kama ya kaa. Asili yake yadhaniwa kuwa Asia, na kwa vyombo vya bahari ameenea katika nchi zote za joto, hata pwani yetu. Armadeira hayuko Afrika. Wako jamaa za ukoo wake katika misitu yetu, lakini si yeye. Basi mtoto akija mbio akilia ya kuwa ameona buibui mkubwa nyuma ya kabati, mama amwonyeshe tofauti. Huyu wa kwetu hasimami akiinua miguu kwa vita, bali hukimbia ubavu ubavu akajipenyeza ufani. Akibanwa kwa mkono aweza kuuma, na maumivu yake hupita. Kukung'uta viatu asubuhi kwatufaa na sisi, ila kwa sababu ya nge na tandu.

Kazi yake ni kula mende. Ukimwona jike amekumbatia chini ya kifua chake kitu cheupe, cha mviringo, bapa kama sarafu, hicho ndicho kifuko cha mayai yake. Hukichukua kila aendako hata watoto watokapo, nao ni mamia, wadogo kama punje za mtama, ambao baada ya siku chache hutawanyika, kila mmoja kwa njia yake, kutafuta windo.