Mtoto wa Miaka Miwili Ziwani na Mlimani

Mtoto wa miaka miwili anaweza kupelekwa ziwani na mlimani katika likizo moja, mradi ratiba ipimwe kwa uwezo wake na si kwa hamu ya wazazi. Kaskazini mwa Tanzania maji na mlima vimekaribiana. Ziwa Duluti limetuama katika kreta ya volkano karibu na Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, na msitu wa hifadhi umelizunguka. Mwendo wa saa chache kwa gari kuelekea mashariki lipo lango la Marangu, linakoanzia njia ya Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala. Ni vyema kuanza na ziwa. Liko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hivyo familia inayotoka Dar es Salaam au Tanga hupata siku mbili tatu za kuzoea hewa na ubaridi kabla ya kupanda.

Majini hatari huja ghafla. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akichungulia ukingoni hutangulia kichwa, na anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kwa hiyo kila kitu kinategemea jaketi okozi. La mtu mzima lililokazwa kwa kamba halimfai, kwa sababu humvuka likaelea peke yake. Linalofaa limeandikwa uzito wa mtoto, lina kola pana ya kuuinua uso juu ya maji, mkanda wa kupita katikati ya miguu, na kishikio cha kumnyakulia. Avalishwe akiwa nchi kavu, mikanda yote ifungwe, kisha jaketi livutwe juu taratibu kwa mabega yake. Kidevu na masikio yakimezwa ndani, hilo ni kubwa. Si kila mwenye mitumbwi ana saizi ya watoto. Familia iulize mapema au ibebe la kwake.

Mbeleko, inayomtuliza mtoto vizuri sana barabarani, haifai kabisa mtumbwini. Chombo kikipinduka, mtoto aliyefungwa mgongoni hubaki chini ya maji wakati mama anahangaika kuogelea. Kumfunga kwenye kiti cha mtumbwi ni hatari vilevile. Mtu mzima mmoja amshike, mwingine apige kasia, na anayemshika asiguse kasia hata kidogo. Nusu saa asubuhi, kabla jua halijawa kali, inamtosha. Kofia peke yake haimkingi, kwani maji hurudisha mwanga wa jua usoni kutoka chini. Asiachwe kuchezea maji ya kina kifupi yenye majani, kwa kuwa katika maziwa na mito mingi ya Afrika Mashariki hapo ndipo huishi konokono waenezao kichocho.

Mlimani hatari hunyemelea. Kutoka lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900, hadi vibanda vya Mandara, takriban mita 2,700, ni mwendo wa kilomita 8 hivi ndani ya msitu wa mvua. Watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupanda zaidi ya hapo, na katazo hilo lina sababu nzito. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kwenye mita 2,500. Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma. Mtoto wa miaka miwili hulialia tu, hukataa chakula, hutapika, au hushtuka shtuka usingizini. Ni rahisi kudhani ni meno au uchovu. Katika kimo hicho dalili hizo zichukuliwe kuwa ni za mwinuko, na ashushwe bila kusubiri. Kwa familia nyingi kutembea hadi nusu ya njia na kurudi siku hiyohiyo ni likizo kamili, na haina upungufu wowote.

Adui wa pili ni baridi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na msitu hudondosha maji hata mvua isiponyesha. Aliyembeba mtoto anatokwa jasho na kuvua sweta, huku mtoto mgongoni ametulia tuli, miguu inaning'inia, soksi zimelowa. Mbebaji hawezi kujipima yeye akajua hali ya mtoto. Mkono upelekwe shingoni mwake kwa nyuma kila mara. Pakiwa pa baridi, aongezewe nguo, na nepi iliyolowa ibadilishwe papo hapo.

Mtoto wa kilo 12 pamoja na kiti cha kubebea ni mzigo wa mtu mmoja, kwa hiyo vitu vingine wabebe wapagazi. Ateremshwe mara kwa mara atembee. Safari itarefuka, lakini hapo ndipo anapoiona: mbega wenye mikia myeupe juu ya miti, na ua dogo la rangi nyekundu na njano, Impatiens kilimanjari, lisiloota kwingine ila Kilimanjaro.

Maji ya kunywa yachemke dakika tatu nzima, kwa kuwa juu ya mita 2,000 huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini zisikosekane mfukoni, na nepi zilizotumika zirudishwe chini zote. Homa ikimshika mtoto katika wiki za baada ya safari, apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo na daktari aelezwe alikopita, maana baridi ya Mandara haifuti kuumwa na mbu kulikotokea njiani tambarare.