Mnyauko wa Pamba Usihukumiwe kwa Macho

Mkulima wa Bujora aonapo majani ya pamba yake yakigeuka manjano na kulegea, kwanza huilaumu mvua. Nasi tuliolima tumefanya hivyo. Akilipasua shina na kukuta mistari ya kahawia, hana budi kukiri kwamba huo ni mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu iishiyo udongoni miaka mingi na kusafiri ndani ya mbegu.

Taabu ni kwamba kuvu hiyo ina ndugu wengi wasio na madhara, ambao chini ya darubini hufanana nayo. Ndiyo maana wataalamu husoma mpangilio wa DNA katika jeni zake, wakaulinganisha na wa nyingine, na ukoo ukabainika.

Ng'ambo ya ziwa, Kagera, mnyauko wa kahawa uliingia mwaka 1997. Jina la kuvu yake lilikuwa moja, Fusarium xylarioides. DNA ikaonyesha makundi mawili: moja la arabika huko Ethiopia, jingine la robusta katika Kongo, Uganda na Tanzania. Basi mche wa robusta ukijaribiwa kwa kuvu ya arabika, jibu litakalopatikana ni la kupotosha.

Ukiriguru, jirani zetu, ndiko zilikozalishwa mbegu za pamba za UK zinazohimili mnyauko. Tunawaomba viongozi wahakikishe kwamba kituo hicho kina vifaa vya kusomea DNA, na kwamba mbegu hupimwa kabla ya kuvushwa kwenda Ukerewe. Shamba la kisiwani likishaambukizwa, hakuna dawa ya kunyunyizia itakayolisafisha.