Ahadi ya dola 13: kisa cha askari wa kujitolea na kambi ya Readville

Marehemu bibi yangu kila kitambaa cha pamba kizito akikiita "merikani". Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba jina hilo lina asili yake. Karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, walikuwa wakileta Zanzibar na mwambao wetu vitambaa kutoka viwanda vya kwao, wakirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba yenyewe ikilimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani.

Ni katika jimbo hilohilo la Massachusetts ndiko lilikotokea jambo ninalotaka kuwaeleza leo, ndugu zangu.

Mwanzoni mwa 1863, Marekani ilikuwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 1 Januari, Rais Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na jeshi likafunguliwa mlango wa kupokea watu weusi. Gavana John Andrew wa Massachusetts akapata idhini ya kuunda Kikosi cha 54, askari wa miguu wa kujitolea. Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, alizunguka kuwaita vijana. Wanawe wawili, Lewis na Charles, walijiandikisha.

Kambi yao iliitwa Meigs, mahali paitwapo Readville, nje kidogo ya mji wa Boston. Ni uwanja tambarare karibu na reli. Vijana walianza kuingia Februari, wakati wa baridi kali. Madaktari waliwapima kwa ukali, wengi wakarudishwa. Waliobaki walifunzwa kwata na bunduki mpaka masika. Walitoka majimbo mengi, wengine hata Kanada. Walikuja wengi hata kikosi cha pili, cha 55, kikaundwa papo hapo. Makamanda wao walikuwa wazungu. Mkuu wao, Robert Gould Shaw, alikuwa na umri wa miaka 25.

Tarehe 28 Mei waliondoka Boston, askari zaidi ya 1,000. Julai 18 walitangulia kuishambulia ngome ya Wagner, karibu na Charleston. Waliingia wapatao 600. Takriban 270 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Shaw aliuawa na kuzikwa shimo moja na askari wake. Maadui walidhani wamemdhalilisha. Babake akakataa afukuliwe, akaona ni heshima mwanawe kulala na wenzake. William Carney, aliyezaliwa utumwani, aliishika bendera akiwa na majeraha. Nishani yake ilikuja mwaka 1900!

Lakini kwangu mimi, ushujaa wao mkubwa haukuwa ngomeni. Ulikuwa mbele ya meza ya mshahara. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari wazungu. Wakaambiwa watapewa 10, na 3 zikatwe za nguo. Ibaki 7.

Walikataa. Si kwamba hawakuhitaji, maana wake na watoto wao walikuwa na njaa nyumbani. Jimbo la Massachusetts likajitolea kujazia pengo. Hilo pia wakalikataa, kwa sababu hawakuwa wakidai sadaka, walikuwa wakidai haki. Wakapigana karibu miezi 18 bila kupokea senti.

Juni 1864 Bunge likakubali. Hata hivyo sheria ilitaka askari aape kwamba alikuwa huru vita vilipoanza, Aprili 1861. Wale waliokuwa watumwa wafanyeje? Kamanda Edward Hallowell alitunga kiapo cha busara: askari aape kuwa siku ile hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumdai kazi yake. Basi hata aliyekuwa mtumwa aliapa bila kusema uongo. Ni nani mwenye haki ya kummiliki mja wa Mungu?

Leo kambi ile ni bustani ya kuchezea watoto. Boston kuna mnara wao tangu 1897, na mwaka 1982 majina ya askari waliouawa Wagner yalichongwa nyuma yake.

Nami nimepita mara nyingi kwenye sanamu ya askari wetu hapa Mombasa. Sijaona jina la mtu hata mmoja. Babu zetu walibeba mizigo na bunduki za Waingereza kwa ujira mdogo kuliko wa mzungu, na tumebaki na neno "Kariakoo" tu.

Dini inatufunza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Lakini hadi leo kijana wetu huahidiwa mshahara mmoja Mombasa, akifika Ghuba akakuta mwingine, akiuliza huambiwa ashukuru. Wazazi, kabla mwana hajapanda ndege, mkataba usomwe mbele yenu, kiwango kiandikwe, na nakala ibaki nyumbani. Wale wa Readville walijua hesabu yao: 7 si 13.