Simba Bandani, Kasuku Mpakani

Machi 2021, mizoga sita ya simba ilikutwa Ishasha, upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Vichwa na miguu vilikuwa vimekatwa na kuchukuliwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Aprili 2018, simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikufa karibu na kijiji cha Hamukungu wilayani Kasese. Ilishukiwa wamelishwa sumu.

Hifadhi ni moja, ila visa ni viwili tofauti. Hamukungu wanaishi wafugaji na wavuvi, na simba akishaonja ng'ombe, mwenye ng'ombe hana wa kumlilia. Ishasha kulinuka biashara ya viungo.

Kwa hiyo wapo wanaouliza: ikiwa viungo vya simba vina wanunuzi, kwa nini mnyama huyo asifugwe kama mbuzi, auzwe kwa kibali, na wa porini aachwe salama?

Afrika Kusini ilikwisha kujaribu. Maelfu ya simba huzaliwa huko ndani ya uzio. Watoto wao hushikwashikwa na watalii, wakikua baadhi hupigwa risasi na wawindaji wa kulipa katika eneo wasiloweza kutoroka, na mifupa ilikuwa ikisafirishwa Asia. Mwaka 2017 serikali iliruhusu mifupa ya simba 800 iuzwe nje. Agosti 2019 mahakama ya Pretoria ikaamua kwamba kiwango hicho, pamoja na cha mwaka uliofuata, kiliwekwa kinyume cha sheria, kwa sababu waziri hakujali hali ya wanyama wenyewe mabandani. Mwaka 2021 serikali ikatangaza nia ya kuifunga biashara hiyo. Wakati huohuo, simba wa porini barani hawakuacha kuuawa.

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haikatazi kila matumizi. Inatoa haki za kuwinda, kufuga na kufanya biashara kwa leseni, chini ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Anayewadhuru au kuwauza viumbe walio hatarini kabisa kutoweka anaweza kufungwa maisha. Mstari kati ya mfugaji na jangili, basi, unachorwa na karatasi.

Karatasi hiyo ina kazi ngumu mahali kama Bwera. Mji huo upo jirani na kituo cha mpakani cha Mpondwe, na ng'ambo yake ni Kasindi, Kongo. Kila siku watu huvuka na samaki, nguo, kahawa na vyakula. Misitu ya Kongo ni makao ya kasuku wa kijivu, ndege anayependwa duniani kote kwa kuiga sauti za watu. Tangu Januari 2017, mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini; wanaoruhusiwa ni waliozaliwa kwa wafugaji waliosajiliwa. Ukiwatazama kwa macho tu, huwezi kuwatofautisha. Kasuku huyu hukawia kukomaa, na hutaga mayai machache. Kwa hiyo mwenye tamaa huona nafuu kununua wa msituni na kumwandikia cheti cha bandani. Mwaka 2022, raia mmoja wa Kongo aliyekamatwa mpakani Bunagana, wilayani Kisoro, akiwa na kasuku zaidi ya 100, alihukumiwa kifungo cha miaka saba.

Mamba ni habari nyingine. Jike hutaga makumi ya mayai, na makinda wengi porini huliwa kabla ya kukua. Zimbabwe ilijenga ufugaji wake juu ya hesabu hiyo: kukusanya mayai, kukuza, kuuza ngozi, na hapo zamani kurudisha sehemu ya makinda mitoni. Hata hivyo, suala la namna mamba anavyotunzwa na kuchinjwa bado linahitaji jibu.

Kuna pia suala la haki. Mgeni mwenye fedha anaweza kulipia leseni na kuwinda katika ardhi za jirani na Hifadhi ya Lake Mburo, ambako Uganda ilirudisha uwindaji wa kitalii mwaka 2001. Mkulima wa Kasese anayetega waya apate kitoweo ni mhalifu. Waya huo kweli ni hatari, kwa kuwa hauchagui wa kumnasa. Lakini tembo akila mahindi ya mkulima huyohuyo, hasara ni yake. Hali ni hiyo ingawa sheria inatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii za jirani, na ile ya 2019 ikaongeza mfuko wa fidia.

Kwa hali ilivyo, UWA haina sababu ya kutoa leseni za kufuga simba au kasuku kwa ajili ya kuuza. Leseni ya mamba inaweza kufikiriwa, kwa sharti kila mnyama awe na alama na ukaguzi uwe wa kweli. Kabla ya hayo yote, fidia iwafikie walioliwa mahindi au ng'ombe wao na wanyamapori.